Wafugaji Juu ya Mibuni ya Sadoki

Mwaka 1953, Mzee Sadoki wa Poli, kwenye mteremko wa Mlima Meru, alikuwa na mibuni arobaini, migomba mingi na mke mmoja. Mibuni aliisifu mbele za watu. Mke wake, Penina, ndiye aliyeipalilia.

Mwaka huo majani ya mibuni yalikuwa meusi kama yamepakwa masizi. Kwenye matawi walijaa wadudu wadogo weupe, wenye unga mgongoni. Hao ni vidung'ata. Kwenye kila shina sisimizi walipanda na kushuka bila kupumzika.

Mkaguzi wa kahawa alipita mwezi wa pili.

"Nitarudi baada ya masika," alisema. "Nikiikuta hivi, itang'olewa yote na kuchomwa, isiambukize mashamba ya jirani."

Siku hiyo hiyo Penina alichemsha maji. Sadoki alimzuia mlangoni.

"Unakwenda kummwagia nani?"

"Sisimizi."

"Mama Kaanaeli! Jumapili mwinjilisti amewasifu sisimizi kwa bidii yao, mbele ya usharika wote. Mimi ni mzee wa kanisa. Nionekane nawaunguza?"

"Mwinjilisti hana mibuni," alisema Penina.

Hata hivyo aliweka sufuria chini. Wiki mbili zikapita. Mibuni sita ikaanza kupukutisha majani.

Simaloi, mama wa Kiarusha kutoka Moshono, alikuwa akiwaletea maziwa na kuondoka na ndizi. Kwao pia walilima kahawa. Asubuhi moja alipita shambani, akainama kutazama tawi, akacheka mpaka akatua kibuyu chake chini.

"Shikamoo, Mzee Sadoki. Ninyi Wameru mmeanza lini kufuga makundi makubwa hivi?"

"Marahaba. Nina mbuzi watatu tu."

"Una ng'ombe maelfu. Tazama."

Sisimizi mmoja alimpapasa kidung'ata mgongoni. Tone dogo likatoka. Sisimizi akalinywa.

"Anakamua," alisema Simaloi. "Hawa weupe wananyonya utomvu wa mbuni wako, wanatoa maji matamu. Yanayodondokea majani ndiyo yanayoota ule weusi. Akija mdudu mwekundu mwenye madoa kuwala hawa weupe, sisimizi anamfukuza. Ni wachungaji hodari. Sisi Waarusha hatuna la kuwakosoa."

Sadoki alikaa juu ya jiwe.

"Kwa hiyo ile bidii yao..."

"Bidii ni ya kweli, mzee. Ila shamba ni lako."

Penina alikuwa ameshafika na sufuria. "Maji yamechemka," alisema.

"Usimwage kwenye shina, mama, utaua mizizi. Maji ya moto mwagia kiota kilicho mbali na mibuni. Hapa tunawakatia njia. Na kamba hizi ni za nini?"

Sadoki alitazama pembeni. Migomba yenye mikungu mizito huegemezwa kwa miti. Yeye, ili asihangaike kukata miti, alikuwa ameifunga kwenye mibuni kwa kamba za magome ya mgomba.

"Umewajengea madaraja," alisema Simaloi. "Fungua zote. Kata matawi yanayogusa ardhi au mgomba. Wafute hawa weupe kwa kitambaa na maji ya sabuni. Kisha zungushia kila shina majivu makavu. Sisimizi hapendi kuyavuka. Yakilowa hayafai kitu, kwa hiyo kila mvua ikikatika, weka mengine."

"Masika nzima?" aliuliza Sadoki. "Nani ataweka?"

"Mzee wa kanisa," alisema Penina.

Masika ile ilinyesha sana. Kila ilipokatika, Sadoki alionekana shambani amebeba debe la majivu, suruali imekunjwa hadi magotini. Jirani yake Ndesanjo, alipomwona ametapakaa majivu, alimwuliza kama amefiwa. Sadoki aliendelea kuinama. Mibuni miwili ilikufa. Mingine ikatoa majani mapya ya kijani. Wadudu wekundu wenye madoa walirudi, wakala vidung'ata waliosalia bila kufukuzwa na mtu.

Mwezi wa sita mkaguzi alirudi. Aligeuza majani, akakagua mashina, akahesabu mibuni thelathini na minane.

"Hakuna wa kung'oa," alisema, akatoa daftari. "Umetumia nini?"

"Majivu ya jikoni," alisema Sadoki. "Sabuni. Na Penina."

Mkaguzi aliandika majivu na sabuni.