Kiti cha Safari ya Kurudi

— Viti viwili?

— Viwili.

— Kipanga, hebu niangalie usoni. Umesema viwili?

Sindano alisimamisha cherehani, mguu ukabaki juu ya kanyagio. Mapajani alikuwa na kitambaa cha kiti cha basi, maana hiyo ndiyo kazi yake, kushona viti vya magari, mabasi na hata ndege. Mafundi wa karakana walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi, na kwa sababu ya ulimi pia. Sasa tumbo lilikuwa limeanza kumtenga na meza yake.

Mumewe aliegemea mlango akizungusha funguo kidoleni. Huyo ni rubani wa kunyunyizia dawa mashamba ya pamba. Ukimwambia akae atulie, ni kama umemwambia ameze mwiba.

— Ina kasi, mke wangu. Ile ndege ya viti vinne ni gari la ng'ombe lenye mabawa! Mlango unafungwa kwa waya. Viti utadhani vimetafunwa na mbuzi.

— Viti niachie mimi. Tulikubaliana kuchagua pamoja, au nimeota?

— Tutazungumza jioni.

— Jioni ya lini?

Kipanga alishatoka. Haraka yake ilimfanya asahau simu kwenye chaji.

Sindano alijaribu kushona, uzi ukakatika. Akatunga tena, ukakatika tena. Juu ya rafu, redio ndogo aliyowekewa na mumewe ilikoroma. Ilikuwa sauti ya mwongoza ndege, akiuliza swali analomuuliza kila rubani kabla hajaruka:

— Mko wangapi?

— Mmoja, Kipanga alijibu.

Neno hilo lilimchoma Sindano kila siku. Ndege ya kampuni anayorusha mumewe ina tangi la dawa mbele, mkia nyuma, na kiti kimoja katikati, basi. Mwaka uliopita, mimba yao ya kwanza ilipoharibika, mvua ilikuwa imekata barabara. Ndege ilisimama nyuma ya nyumba, mafuta tele, na hapakuwa na mahali pa kumweka mgonjwa. Kipanga aliizunguka kama mwendawazimu, anafungua mlango, anafunga, anafungua. Mwisho walikwenda kwa trekta. Walifika hospitali, mtoto hakufika.

Tangu hapo walikuwa wakidunduliza ili wapate ndege yao wenyewe. Na leo mtu anasema viti viwili!

Simu ya mumewe ililia. Si desturi yake kuchungulia, lakini ujumbe ulikuja wenyewe mbele ya macho. Ulitoka kwa mzee wa banda, muuza ndege kuukuu.

"Rubani, ile ya viti viwili nimekushikia. Njoo kesho asubuhi tumalizane. Mama umeshamwambia?"

Juu yake kulikuwa na maneno ya Kipanga mwenyewe: "Ile ya viti vinne mpe mteja mwingine. Mke nitamwambia tukishamaliza."

Weee! Damu ilimpanda kichwani. Alichukua simu yake akampigia mama mkwe.

— Mama, mwanao ananizunguka.

— Mwanamke gani huyo? Nitajie!

— Si mwanamke, mama. Ni ndege.

— Salaale! Afadhali ingekuwa mwanamke, huyo angemchoka.

— Mama, mimi silii kwa utani. Kachagua ndege isiyo na nafasi ya mtoto. Hamtaki huyu mtoto!

Sauti ya mama mkwe ilipoa.

— Sikiliza, mwanangu. Mumeo alipokuwa mdogo, njia ya dukani ilikuwa na mbwa mkali. Nikimtuma, anafumba macho, anakimbia, anafika. Halafu anasimama dukani mpaka nimfuate. Kwenda anajua. Kurudi ndiko kunamshinda. Usimpigie kelele kabla hujamuuliza anaogopa nini.

— Nitamuuliza. Na kelele nitapiga.

— Haya, yote mawili ni halali yako.

Jioni ile Sindano alijifanya hajui lolote. Kesho yake asubuhi Kipanga alipofika bandani, alimkuta mkewe ameketi ndani ya ile ndege ya viti viwili, mkanda umeshindwa kulizunguka tumbo. Mzee wa banda alikuwa pembeni anapangusa pangaboi la ndege, macho chini.

— Sindano! Unafanya nini humo?

— Nimekaa. Si kiti changu hiki? Ingia, na hicho ni chako.

— Mke wangu, watu wanatuangalia.

— Ingia!

Aliingia. Magoti yao yaligongana.

— Haya, uchungu umenishika, barabara imekatika. Nipeleke.

— Sindano...

— Ruka, rubani!

— Tumeruka, Kipanga alisema polepole. Hii ina kasi. Kabla hujamaliza kulia tumeshatua.

— Vizuri, tumefika. Nimepasuliwa, nimejifungua.

Sindano alivua mtandio, akaukunja, akamwekea mumewe mikononi.

— Mtoto huyu hapa, mzima. Turudi nyumbani. Mimi siwezi kukaa, nataka kulala. Mama yako alikuja kuniuguza, naye yuko mlangoni na kapu lake. Mtoto utamweka wapi?

Kipanga aliutazama mtandio.

— Jibu. Au mama tumwache hospitali afagie wodi?

— Sijui.

— Hujui, au hukuwaza?

— Sikuwaza.

— Wewe! Wewe unayepima mpaka mzigo wa soksi kabla hujaruka! Ukapanga kwenda, kurudi hukuwaza?

Funguo zilizokuwa hazitulii mkononi mwake zilianguka sakafuni, wala hakuziokota. Akaanza kulia.

— Kwenda nakuwaza kila nikifumba macho. Nakupakia, naruka, nakufikisha. Nikifika mlango wa hospitali, sioni tena kitu. Nikijaribu kutuona tunarudi, namkumbuka yule wa kwanza. Sindano, naogopa kumwekea mtoto kiti, halafu kiti kirudi kitupu.

Hasira yote ya Sindano iliyeyuka, akabaki na huruma.

— Mimi nilidhani humtaki.

— Nisimtake! Namtaka mpaka naumwa.

— Basi ungeniambia. Mimi naogopa vilevile, kila akitulia tumboni namgusa aamke. Kiti kikirudi kitupu, nitakuwa kando yake na wewe utakuwa mbele yangu, tutalia wote. Lakini siondoki nyumbani kwa ndege isiyo na nafasi yake. Huko ni kumzika angali hai.

— Nisamehe, mke wangu.

— Nimekusamehe. Ukinificha tena, nitakushona mdomo. Zana ninazo.

Mzee wa banda alikohoa.

— Jamani, pangaboi hili litaisha kwa kupanguswa. Mnachukua ipi?

Kipanga alijifuta uso kwa ule mtandio.

— Gari la ng'ombe.

Wiki zilizofuata nyumba haikulala kwa pilika. Kipanga aliung'oa ule mlango wa waya akauunda upya. Sindano alishona viti vyote kwa kitambaa cha buluu. Kimoja alikifanya kilale chali. Cha mwisho alikijaza sponji laini, akakishona kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho, na mumewe akamshikia taa.

Mvua ilipokata barabara tena, uchungu ulikuja nayo. Mama mkwe alipanda nyuma na kapu na mwavuli, akiwaombea wote na kuitukana injini kwa pumzi ileile.

— Mko wangapi? mwongoza ndege aliuliza.

— Watatu.

Siku walipotoka hospitali, jua lilikuwa limerudi. Sindano alilazwa kwenye kiti chake. Mama mkwe alifunga kifurushi kidogo kwenye kiti laini, akakishikilia kwa mikono miwili maana mkanda hakuuamini. Kipanga aliwasha injini.

— Mko wangapi?

Kipanga aligeuka nyuma akaangalia, akageuka mbele, akageuka tena nyuma.

— Rubani, nakuuliza. Mko wangapi?

— Jibu, mwanangu, mama mkwe alisema. Safari hii nimekufuata mapema.

— Wanne.

— Rudia. Mlikuja watatu.

— Narudia, Kipanga alisema, machozi yakimtiririka bila aibu. Tuko wanne. Tunarudi nyumbani.

— Na mwambie kiti kimeshalowa! mama mkwe alipiga kelele.

Sindano alicheka mpaka mshono wa tumboni ukamuuma.