Nusu ya Ukurasa wa Dada

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alipitia dukani kwa baba yake kukunja kadi. Baba alikuwa mpiga chapa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya wino, rafu za karatasi zilizogusa dari, na mashine iliyonguruma mpaka meza zikatetemeka. Chiriku alikunja kadi huku mdomo ukienda mbio: nani kaadhibiwa shuleni, nani kaanguka matopeni, jirani gani kanuniana na mkewe. Ndiyo maana akaitwa Chiriku. Jina lake la kwenye cheti, hata shangazi zake walikuwa wamelisahau.

Dada yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa amemaliza sekondari, na kazi yake dukani ilikuwa kusahihisha maandishi kabla hayajachapwa. Aliongea kidogo, akaandika sana. Hadithi zake mbili zilikuwa zimeshasomwa redioni, na tangu hapo hakuna mteja aliyeingia dukani asiambiwe na baba, "Ngojeni tu. Kitabu cha binti yangu nitakichapa mwenyewe, kwa mikono hii."

Lakini alichoandika dada chumbani kila jioni hakikuwa hadithi. Yalikuwa mawazo yake ya siku nzima, na katika chumba walicholala wawili sheria ilikuwa moja: madaftari yale hayaguswi.

Siku moja wakati wa chakula, dada aliweka kijiko chini. "Baba, mama, nimeamua. Nataka kuwa mtawa. Monasterini wamekubali kunipokea mwezi ujao."

Wote walijua kwamba dada alipenda kwenda kwa watawa wale, wanawake waliosali, wakalima bustani yao, wakakaa kimya sehemu kubwa ya siku. Walidhani anafuata utulivu wa kuandikia tu.

Baba alisukuma sahani. "Na kitabu je?"

"Sijui kama kuna kitabu, baba."

"Hujui! Nimekusomesha, nimewaambia watu mji mzima, halafu unakwenda kujifungia nyuma ya ukuta?"

"Baba, si kujifungia..."

"Usinijibu!"

"Punguza sauti, baba watoto," alisema mama. "Majirani wanasikiliza bila kulipa kiingilio." Mama alikuwa mkunga, na makelele hayakumtisha. Lakini baba hakucheka. Dada naye alifunga mdomo. Ndivyo alivyokuwa siku zote: akifokewa hunyamaza, kisha huenda kuandika.

Chiriku pia alikuwa amefura kwa hasira, ila hakuna aliyemuuliza. Tangu azaliwe alilala chumba kimoja na dada. Sasa nani atamsikiliza? Na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuambiwa mapema. Yeye, mjuzi wa habari za mtaa mzima, hakujua habari ya kitanda cha pili!

Kesho yake, dada alipotumwa kupeleka kadi za mteja, Chiriku aliwahi nyumbani akavuta droo. Hasira ilimsukuma mkono. Alifungua daftari la juu akasoma, mpaka akafika mahali palipomfanya aketi chini: "Leo nimejiuliza kama naitwa kweli, au namkimbia baba na kitabu chake. Labda naogopa kushindwa, na monasterini hakuna atakayeniona nikishindwa."

Chini yake maneno yaliendelea. Chiriku aliyasoma pia. Kisha akalifunga daftari kana kwamba hakuyaona, akakimbia nalo dukani.

"Baba! Sikiliza alichoandika mwenyewe!" Akasoma kwa sauti, akakomea pale alipotaka kukomea.

Baba alimnyang'anya daftari, akalitia mfukoni bila kulifungua. "Kumbe!" alisema. "Kumbe ni mbio tu!" Papo hapo akapiga simu monasterini. Akamweleza mama mkuu wa watawa kwamba binti yake hana wito wowote, anakwepa kazi tu, na wasimpokee.

Jioni hiyo nyumba iliwaka. Baba aliyarudia maneno yale mbele ya wote, neno kwa neno, na daftari akalitupa mezani. Dada alilitazama, kisha akamgeukia Chiriku. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Ulisoma mpaka wapi?"

Chiriku alitazama miguu yake. "Mpaka hapo."

"Mwongo," alisema dada kwa sauti ndogo iliyouma kuliko kofi. Alikusanya madaftari yake yote, akahamishia godoro lake sebuleni. Simu ikatoka monasterini kwamba safari yake isubiri kwanza. Aliendelea kwenda dukani na kusahihisha kadi za watu, lakini jioni hakushika kalamu tena. Na Chiriku akiingia mahali, yeye alitoka.

Chiriku alikuwa amepata alichotaka. Dada haendi popote. Mbona basi hakufurahi?

"Chiriku wangu leo kimya," mama alisema jikoni huku akimenya viazi. "Ama unaumwa, ama unaficha. Nimekushika paji la uso, hakuna homa. Haya, toa."

Chiriku alibubujikwa na machozi. Alieleza kwamba kulikuwa na maneno mengine chini ya yale, kwamba aliyasoma, na kwamba aliyaacha makusudi.

Mama aliweka kisu chini. Hakumkumbatia. "Umenikasirisha sana," alisema. "Nenda dukani, kamwambie baba yako. Na mimi sikusindikizi."

Dukani mashine ilikuwa ikinguruma. Baba alikuwa akilisha karatasi, na dada alikuwa mezani na kalamu yake nyekundu. Ilibidi Chiriku apige kelele.

"Baba! Sikukusomea yote!"

Baba alizima mashine. "Unasemaje?"

"Ukurasa ule uliendelea. Niliuona. Niliacha kwa kuwa sikutaka dada aende. Nilisema uongo."

Baba alivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga ukuta. "Ukurasa uliendelea vipi? Ulisema nini?"

Chiriku alifungua mdomo. Kisha akamwona dada amesimama, kalamu mkononi. Akaufunga. "Muulize mwenyewe, baba. Si yangu kusema."

Chiriku alidhani dada atatoka nje kama kawaida yake. Hakutoka.

"Ukurasa uliendelea kusema kwamba niliogopa, na bado nataka kwenda," alisema dada. "Wewe hukuogopa siku ya kumwoa mama?"

"Niliogopa mpaka nikavaa viatu visivyolingana," baba alijibu kabla hajajizuia.

"Na uliambiwa urudi nyumbani kwa sababu hiyo?" Sauti ya dada ilipanda. Hakuna aliyewahi kuisikia ikipanda. "Na mimi nina hasira, baba! Kitabu kile ni chako. Wateja wote unawaambia, mimi hujaniuliza hata mara moja!"

"Mbona hukusema?"

"Unaniambia nisikujibu!"

Baba aliketi juu ya rundo la karatasi. Alijipangusa uso kwa mkono wenye wino, akabaki na mstari mweusi shavuni, na hakuna aliyethubutu kucheka. Mwishowe akachukua simu. "Mama mkuu, shikamoo. Ni yule baba wa juzi. Nilisema neno ambalo sikulijua. Naomba umsikilize binti yangu mwenyewe."

Wiki chache baadaye walimsindikiza dada mpaka kwenye lango la watawa. Chiriku alimwomba msamaha tena.

"Bado nina hasira na wewe," dada alimjibu. "Itaisha. Nitakuandikia itakapoisha." Akamshika kichwa kidogo, akaingia.

Njiani kurudi Chiriku alikuwa akilia. Baba alipunguza mwendo.

"Sikiliza, mwanangu. Aliyoyaandika mtu kwa siri ni mali yake. Uliiba. Kisha ukaleta nusu, ukaificha nusu, na hapo ukamfanya dada yako aseme uongo ambao hakuusema. Na mimi sina cha kujivunia, nilipokea mali ya wizi nikaifurahia. Ukitaka kujua yaliyo moyoni mwa mtu, muulize, kisha uvumilie jibu. Sote wawili tumechelewa kujifunza hilo."

"Bado una hasira kwamba amekwenda?"

"Ninayo," alisema baba. "Na wewe?"

"Ninayo."

"Basi Jumapili ya kutembelea watawa tukamwambie wenyewe," alisema baba, "ana kwa ana."