Jora la Ndege Mpya

Mshonaji aliingia nyumbani mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Baba watoto! Ndege mpya zinakuja! Tatu!"

Mumewe alikuwa akipiga pasi vitambaa vya kuegemezea kichwa kwenye viti vya ndege. Kwa miaka miwili walivishona kwa ajili ya shirika dogo lenye ndege mbili tu.

"Tatu?" Mume akaiachia pasi. "Basi tumeula!"

"Kitambaa kinaungua hicho!"

Akainyanyua pasi upesi, wote wakacheka.

Siku hiyo hiyo mshonaji alitoa akiba yote ya nyumba. Akanunua jora zima la kitambaa cha buluu. Alilitandaza mezani, akashika mkasi. Akapiga vigelegele kwa furaha.

"Nakata vyote leo," alisema.

"Kata, mama! Unangoja nini?"

Mlangoni akatokea jirani yao, mwanamke fundi wa ndege katika shirika lile lile. Mtaa mzima ulimwita Spana.

"Hodi! Vigelegele vimefika hadi kwangu. Kuna harusi?"

"Ya jora hili na ndege zenu mpya!" mume akajibu.

Spana aliuona mkasi. "Dada, weka chini kwanza. Umepima viti vya hizo mpya?"

"Kiti si kiti? Au abiria wamebadilisha vichwa?"

Spana alicheka mpaka akakaa. "Ni vyembamba. Vitambaa vya kipimo chako vitapwaya kama koti la kuazima. Na zile ndege mbili za zamani zinaondoka."

"Zinakwenda wapi?"

"Kwa mwenyewe. Ni za kukodi. Kodi tunalipa kwa dola, ndege iruke isiruke. Lakini nauli tunapokea kwa fedha yetu. Dola ikipanda tunaumia, hata viti vikijaa. Mafuta yakipanda, vilevile."

"Sasa tatu za nini?" mume akauliza.

"Shemeji, zile mbili si aina moja. Kipuri cha hii hakiingii kwenye ile, kwa hiyo tunanunua vya aina mbili. Hizi tatu zinafanana, na hazili mafuta mengi. Hatari inapungua, ila haiishi. Hata tarehe ya kuja inaweza kusogea."

Mshonaji alilitazama jora. Akauweka mkasi chini. "Nilibakiza kidogo tu nilikate! Nifanyeje?"

"Nenda ofisini kwetu. Omba vipimo, mkataba wa maandishi na malipo ya kuanzia. Kata vya ndege moja tu. Na tafuta mteja mwingine. Hata sisi, abiria wakipungua tunabeba mizigo."

Kesho yake mshonaji alikwenda. Alipima kwa mkono wake mwenyewe kiti cha mfano kilichokuwa pale ofisini. Mkataba ukasainiwa, akapewa theluthi ya malipo. Akakata vitambaa vya ndege moja. Kisha akabisha hodi zahanati, akapata kazi ya kushona sare za wauguzi kwa kitambaa kile kile.

Siku ndege ya kwanza ilipotua, mke na mume walisimama kwenye uzio wa uwanja. Spana alikuja akikimbia.

"Vimekaa sawasawa! Hakuna hata kimoja kinachopwaya! Ila zile mbili nyingine zimesogezwa miezi miwili."

Mume akashika kichwa. Mshonaji akamvuta mkono, akicheka.

"Zichelewe tu! Vitambaa vya hizo bado sijavikata. Twende, wauguzi wanataka sare kumi zaidi, na wewe hujawasha hata pasi!"