Fimbo za Akinyi Ziliishia Jikoni kwa Chifu

Mimi ni mama wa miaka sitini na minne, mkaaji wa Kapsoya hapa Eldoret. Wajukuu wananiita Shosho, kanisani naheshimiwa. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu nikiwa msichana, na sasa limenishinda...

Miaka ile ya chama kimoja nilifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Nilikaa Huruma ya hapa hapa Eldoret, chumba kimoja na Akinyi, msichana kutoka upande wa ziwa. Tulipika sufuria moja, tukaazimana sweta. Alikuwa rafiki yangu, sina namna nyingine ya kusema.

Kulikuwa na sista mmoja Mwairishi, Sista Nora, aliyetufundisha mchezo wa kwao. Unacheza kwa fimbo iliyopanuka mwisho kama mwiko, unapiga kampira kadogo mpaka golini. Watu wa Huruma walitucheka mpaka wakachoka. Wasichana wazima wanakimbizana na miti! Lakini sisi tuliupenda. Fundi mmoja wa jua kali alitutengenezea fimbo, na kila Jumamosi mchana tulikuwa uwanjani, wasichana kumi na sita. Hiyo ndiyo ilikuwa klabu yetu, na mimi nilikuwa kapteni wa kwanza.

Halafu ikaja habari kwamba tutaenda Nairobi kucheza na wasichana wa misheni ya huko. Sikuwa nimewahi kuona Nairobi. Nikashonesha sketi mpya. Wiki mbili kabla ya safari, Sista akasema kapteni atakuwa Akinyi, kwa sababu mimi nilikuwa na mdomo mkali kwa wenzangu. Ni kweli, nilikuwa nao. Mpaka leo ninao.

Akinyi mwenyewe alinibembeleza. "Wanjiru, hicho ni cheo tu. Si tutaenda pamoja?" Mimi nikamnunia. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ilikuwa ya Akinyi, na mdudu alikuwa mimi.

Jumatatu nikaenda kwa chifu, kwa miguu yangu mwenyewe... Nikamwambia kuna wasichana wanajizoesha na fimbo, hawana kibali cha kukutana, na fimbo zote zinawekwa chini ya kitanda cha Akinyi. Nilitaka nini? Nilitaka tu azuie mazoezi, safari ife, tukose sote. Lakini nilijua siku hizo watu watano hawakusimama pamoja bila kuulizwa. Nilijua pia kwamba jina la ziwani, la Kijaluo, peke yake lilitosha kumtia mtu mashakani mbele ya serikali. Nilijua, na bado nikasema.

Jumamosi askari wakaja uwanjani pamoja na vijana wa chama. Sista alijaribu kueleza, akaambiwa arudi misheni. Wakauliza fimbo ni za nani. Akinyi akainua mkono. "Ni zangu. Hawa wengine waacheni waende nyumbani."

Alikaa ndani wiki tatu. Ni mimi niliyempelekea chakula kila siku, na kila siku alinishukuru. Kisha nikaitwa kwa chifu kuandikisha maneno, nikapewa chai. Nyuma ya ofisi mpishi alikuwa anachochea moto, na kwenye mafiga nikaona fimbo zetu. Yangu niliitambua, ile niliyoifunga kitambaa chekundu. Hiyo chai niliinywa... nikamaliza kikombe.

Akinyi alitoka amekonda. Kiwandani wakamkataa, akarudi kwao. Sista alirudishwa Ulaya. Klabu ikafa hapo, kwa maana hakuna msichana aliyethubutu kushika fimbo tena. Uwanja wenyewe leo ni maduka.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Akinyi alipojifungua, alimwita mtoto wake Wanjiru. Mtoto wa Kijaluo, anaitwa Wanjiru, jina letu la Kikuyu! Akaniandikia barua kwamba amempa jina la mtu aliyemletea chakula. Miaka yote hiyo tulitembeleana Krismasi, nikala kuku wake, nikabeba wajukuu wake, sikusema. Nilijiambia nitasema mwaka ujao. Mwaka jana tulimzika, na mimi ndiye niliyesimama kuwaambia watu jinsi tulivyopendana.

Mwezi uliopita huyo binti yake, ambaye sasa ni mwalimu, alikuja kwangu na daftari. Anaandika habari za klabu ya mama yake. Akaniuliza, "Mama, wewe ulikuwepo. Nani alipeleka maneno kwa chifu?"

Nikamjibu, "Sijui, mwanangu."

Akaandika: hajulikani. Kisha akanikumbatia, akaenda zake.

Ndugu zangu mnaosoma, wivu ni wa siku moja, lakini angalieni umenila miaka mingapi. Kama umemkosea mtu, mwendee leo angali anaweza kukukasirikia. Ukingoja azikwe, utamwomba nani msamaha? Nimejaribu kuongea na kaburi. Halijibu.

Na wewe Wanjiru, kama haya yatakufikia, chukua lile daftari. Pale ulipoandika hajulikani, futa. Andika jina langu, lile ambalo mama yako alikupa.