Kompyuta ya Amon

Yalimpata Apolinaria, rafiki yangu wa Kwihara, mtu asiyeongeza chumvi. Mumewe Amon alikuwa na kompyuta mpakato ambayo mfumo wake husasishwa kila siku. Kila alfajiri Amon aliihudumia hiyo kwanza, ndipo amjulie hali mkewe.

"Nikiiacha wiki tu, mke wangu, itaharibika."

"Na mimi je?"

Amon alipokwenda Sikonge kununua asali, Apolinaria alichomoa betri, akaizika kompyuta ndani ya gunia la mpunga. "Tuone nani ataharibika!"

Siku ya tisa aliingia ghalani kuchota mpunga. Kizani akasikia feni ikivuma ndani ya gunia. Akaifukua. Kioo kilikuwa kinawaka: *Imesasishwa leo.* Nyuma ya maandishi ilikuwepo picha ya harusi yao, ileile ya siku zote. Gauni lilikuwa lake, mkono wa Amon ulikuwa begani palepale, ila aliyevaa gauni hakuwa yeye.