Joyeuse Anaita Mama

Jioni ile courant ilikuwa imekatika Butembo, nikaenda kuwasha groupe, jenereta yetu, ili mashine yetu isizimike. Ni mashine yenye inaunganisha batu ba Butembo na Beni kwa sauti na video. Mimi njo naichunga.

Mu ile mashine kuko programu ya kuita. Mutu akitafuta mama yake, programu inapiga hodi ku simu ya mama, inangoja akubali. Akikubali, inatoka katikati, simu mbili zinaongea zenyewe. Lakini simu yenye haijajitambulisha kwa jina na mot de passe, neno yake ya siri, hapana kuita mutu.

Écran, kioo ya mashine, ikawaka. Majina yakaanza kujitambulisha. Phinées, mwenzangu wa Beni. Mama Florentine, mama yangu.

Kisha... Joyeuse.

Dada yangu mudogo. Aliendaka shamba yetu ya Beni, ku njia ya Mbau, hakurudi. Batu balituletea tu kiatu yake na simu yenye kupasuka. Hiyo simu iko mu sanduku yangu, bila batterie.

Sikuogopa. Nilikasirika. Niliwaza ni mwizi, amepata mot de passe ya mutoto wetu, anachezea machozi yetu. Nikafuta jina.

Likarudi.

Nikafuta tena, nikigonga vifungo vya clavier kama mutu anapiga nyoka. Likarudi. Na chini yake, mustari mupya: Joyeuse anaita Mama Florentine.

Mama amekubali.

Nikazima mashine yote, nikakimbia nyumbani. Nilijua kuzima hakutoshi. Sauti zikisha kukutana, hazihitaji programu tena.

Mama alikuwa jikoni, simu imeegemea kopo ya unga. Alikuwa anavaa viatu. Nikamukumbuka Mama Élise, jirani yetu, naye aliitwa hivyo ku simu na bwana yake mwenye kupotea. Aliondoka na furaha. Mupaka leo tunamungoja.

Jikoni kulinuka nywele za kuungua.

Écran ya simu ilikuwa giza tupu. Majani yalisikika, mabichi, yanakanyagwa... pole pole. Kisha sauti ya dada yangu, ile ile.

"Mama, kuya. Niko ku njia ya Mbau. Kuya peke yako."

Nikanyakua simu.

"Uko nani?"

Majani yakanyamaza.

"Grady, juu ya nini unafuta jina yangu?"

Joyeuse hakuniitaka Grady. Tangu anajifunza kutembea, mimi ni yaya, kaka yake mukubwa.

"Sauti ya dada yangu uliitoa wapi?"

Mutu alikuwa anapumua karibu sana, sawa amebandika mudomo ku sikio yangu.

"Ya... ya," ikasema.

Sawa mutu anajifunza neno.

Nikakata. Mama akanishika shati, akanisihi nimuachie mutoto wake. Simu ikalia tena. Mashine ilikuwa imezimwa, hapakuwa tena programu ya kupiga hodi. Ikalia. Nikaipiga ku ciment ya chini mupaka vioo vikaruka.

Kesho yake Phinées aliniambia kwamba mutu mwenye akili mubaya anaweza kutengeneza mashine ingine, ijifanye yetu, ili avute batu porini. Pengine. Sauti nayo siku hizi inaigwa. Nikamuuliza nani alijua kwamba Joyeuse ananiitaka yaya, wakati hata ile sauti haikujua mupaka nilipoliwaza lile neno moyoni, bila kulisema. Nikamuuliza ile harufu ya nywele ilipitia wapi.

Nilienda Beni, nikazunguka nyumba kwa nyumba, kwa familia zenye kupoteza batu. Nikabaambia: mutu wenu mwenye kupotea akiwaita, akisema mukuye peke yenu, mukate. Bengine balinishukuru. Bengine balinifukuza. Ule mwenye kufanya hivi, akiwa mutu ao akiwa kitu, nataka nimuone na macho. Batu bamekwisha kutunyanganya batoto. Sasa banataka na bamama?

Mama hakula tena na mimi. Aliniambia neno moja tu:

"Ulimukatia dada yako."

Hana simu, sikumununulia ingine. Lakini kila jioni anaketi jikoni, uso ku ukuta, anaongea chini chini. Anauliza kitu, ananyamaza, anaitika na kichwa, anauliza tena. Nimehamisha kitanda yangu, nimeiweka mbele ya mulango wa inje. Ngumi zangu zimekunjwa, na sijui nitampiga nani.

Mwanzoni alikuwa ananyamaza kidogo tu. Sasa anasikiliza muda murefu kuliko anavyoongea.