Mtungi Uliotoka Bilele

Sogeza kigoda karibu, maana jambo hili halisemwi kwa sauti. Na kwanza uape. Sema: nikilitoa nje, senene wa mwaka huu wasitue kwangu hata mmoja. Umesema? Vizuri. Nami niliapishwa hivyo hivyo na Theopista, aliyekuwa jirani wa Ma Verdiana pale Buganguzi, migomba tu ikiwatenganisha. Alinishika mkono akanikazia macho. "Likitoka, nitajua limetoka kwako." Nikaapa. Tangu siku ile nimemwambia dada yangu tu, na mke wa fundi cherehani, na yule mama wa Nyanga ambaye hata hivyo nusu yake alikuwa ameshaisikia. Basi sikiliza.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya Azimio la Arusha. Wakama, watawala wetu wa jadi, walikuwa wameshaondolewa na majumba yao yanavuja. Kila mtu alitaka vitu vipya: redio, kabati la vioo, vikombe vya maua. Vya zamani vilitupwa kwenye shimo la maganda au vikageuzwa kuni. Ma Verdiana, mjane wa Mushumbusi, alikwenda kinyume cha watu. Ulichotupa wewe, yeye alikiokota, akakiosha, akakipaka mafuta, akakipa mahali pake sebuleni.

Na sebule ile ilipendeza, tuseme kweli. Kulikuwa na saa ya Mjerumani isiyo na mishale. Kulikuwa na taa ya kanisani ya kioo cha buluu, na kibuyu cha pombe ya rubisi kilichovishwa shanga, cha mezani kwa Mkama mwenyewe. Ukutani palining'inia fremu ya mbao iliyochongwa tausi na mafundi wa Kihindi, ndani haina picha.

"Ni picha ya nani hiyo, Ma?" watu walimuuliza.

"Ya yule atakayeniuliza tena."

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine. Ma Verdiana alipanda basi kwenda mjini Bukoba, na mkungu wa ndizi, kumtazama rafiki yake Shamsa aliyekuwa akihamia Mwanza. Nyumba ya Shamsa ilikuwa Bilele, nyumba ya zamani, na uani vitu vilikuwa vimerundikwa. Katikati ya rundo Ma Verdiana aliuona mtungi. Mweusi, mpana tumboni, shingo nyembamba ya kupita ngumi tu, umechorwa mistari iliyopinda ambayo hajapata kuiona kwa mfinyanzi yeyote. Mdomoni ulifunikwa sahani, na juu ya sahani jiwe.

"Huu nao unauacha?"

"Tuliukuta humu tulipohamia," Shamsa alisema. "Chukua, dada. Ila usinirudishie."

"Na jiwe la nini?"

"Paka."

"Paka wa kuinua sahani?"

Shamsa alijifanya anahesabu mikeka. Ma Verdiana alicheka, akalitupa jiwe uani, akamrudishia sahani yake. Pambo halifunikwi, alisema. Akapanda basi la Muleba kurudi Buganguzi, na mtungi mapajani. Njia nzima aliyeketi karibu naye alijibana dirishani. Alipoulizwa ana nini, akasema, "Mama, chungu chako kimetoka motoni sasa hivi? Kinaniunguza."

Kilikuwa hakijaona moto siku ile.

Sasa, ili uelewe, lazima umjue Ildefons. Huyu alikuwa mdogo wake Mushumbusi, mwimbishaji wa kwaya, sauti kama asali. Mushumbusi alikuwa ameacha kibanja kizuri, kahawa imeshonana, migomba kama nguzo. Ma Verdiana alizaa mabinti wawili, wote wameolewa mbali. Mtoto wa kiume hakupata. Na kwetu mjane asiye na mtoto wa kiume unajua wanavyomtazama: kama mgeni aliyesahau kuaga.

"Shemeji," Ildefons alimwambia siku moja, "mwanamke mmoja na kibanja chote hiki?"

"Nimekilima peke yangu wewe ukiimba. Nitazikwa humu humu. Tena nitachagua mahali."

Ildefons alipoona maneno hayamng'oi, akatafuta njia nyingine. Ng'ombe wa Buberwa akafa. Ildefons akasema si bure. Mtoto wa jirani akaugua degedege. Ildefons akatikisa kichwa kwa huzuni. "Azimio linakataza ukabaila, na Kanisa linakataza uchawi," alisema kwenye pombe. "Shemeji yangu anavyo vyote viwili, amevipanga sebuleni." Watu wakaanza kukata kona. Mwanamke aliyekuwa akipita kila jioni akawa anazungukia shambani asipite mlangoni. Ma Verdiana akimwekea mgeni kikapu cha kahawa ya kutafuna, mgeni anachukua punje, anaificha kiganjani. Hatafuni.

Na mtungi? Ah. Hapo ndipo Theopista alipokuwa akinong'ona.

Mchana mmoja Ma Verdiana alikuwa akitandika nyasi mpya sebuleni. Jua kali nje, kuku wamelala vumbini. Akasikia mtu anavuta pumzi. Ndefu. Kama mtu aliyetoka kuzama. Akageuka. Hakuna mtu. Akainama tena. Pumzi ikaja tena, nyuma yake, kutoka kwenye kona.

Akauendea mtungi. Akaweka kiganja tumboni mwake. Ulikuwa na joto. Si joto la jua. Joto la mwili.

Wewe ungekimbia. Mimi ningekuwa nimeshafika Rwanda. Ma Verdiana aliinama, akaweka mdomo wake kwenye mdomo wa mtungi.

"Sikiliza," alinong'ona. "Kama ni njaa, ndizi ziko jikoni. Kama ni upweke, hata mimi. Kama ni ubaya, jua kwamba mimi pia ninao. Hapa kwangu tutakaa kwa adabu."

Pumzi ikakoma. Ma Verdiana alingoja. Mtungi ulinyamaza, lakini ulinyamaza kama mtu anayesikiliza.

Haikupita wiki, akaja balozi wa nyumba kumi, Ta Privatus, mtu mwema lakini mwoga hata wa kuku. Alisimama mlangoni akizungusha kofia.

"Ma Verdiana, waitu, mama yetu, usinielewe vibaya. Watu wanasema."

"Watu gani? Wataje niwapikie."

"Jumapili baada ya misa tutapekua vitu vyako. Mbele ya wote. Kikionekana kibaya, vitachomwa vyote. Nawe..." Akakohoa. "Nawe utarudi kwenu."

"Kwetu ni hapa, Ta Privatus. Karibu Jumapili. Njoo na watu wengi."

Theopista alimwendea jioni ile. Akamshauri avifiche vitu chini ya magunia, au avipeleke kwa binti. "Hata huo mtungi tu, Ma. Uutupe mtoni."

"Nivifiche, nimeiba?" Ma Verdiana alisema. "Akuitaye mchawi ukijificha, umemjibu ndiyo."

Jumapili watu walipotoka misa walikuta nini? Walikuta uani kumetandikwa nyasi mbichi kama kwenye harusi, na juu ya nyasi vitu vyote vimepangwa safu, vimepakwa mafuta, vinang'aa. Saa. Taa. Kibuyu cha shanga. Fremu ya tausi. Mtungi mwishoni kabisa. Na Ma Verdiana amevaa gauni lake la Krismasi, amekaa kwenye kiti katikati, anatafuna kahawa.

"Tazameni," alisema. "Shikeni. Vina uzuri, havina uchawi."

Hakuna aliyeshika. Wanaume walitazama viatu. Ta Privatus aliuliza nani atapekua, akaangalia pande zote isipokuwa mbele. Ndipo Ildefons akajitokeza, amevaa koti zito, na jua lile!

"Nitafanya mimi," alisema kwa ile sauti ya kwaya. "Inauma, ni mke wa kaka yangu. Lakini ukweli hauna shemeji."

Akapita kwenye saa, akatikisa kichwa. Akapita kwenye kibuyu. Akafika kwenye mtungi, akafumba macho kama anayesali.

"Hapa," alisema. "Nausikia ubaya wake."

Akaingiza mkono wa kulia, ngumi imefungwa, koti na yote. Shingo ya mtungi ikaumeza mpaka kiwiko cha mkono. Watu wakarudi hatua nyuma. Ildefons akatabasamu.

"Nimekipata!"

Akavuta.

Mkono haukuja.

Akavuta tena. Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaondoka.

"Fungua ngumi, Ta Ildefons!" mtu mmoja alipaza sauti nyuma. "Umekuwa nyani kwenye kibuyu!" Watu wakacheka.

"Nimeshafungua," Ildefons alinong'ona.

"Ati?"

"Nimeshafungua. Kimenishika."

Kicheko kikakatika. Kuku aliyekuwa akiparua akanyanyua kichwa. Mbele ya macho ya watu, mkono ukaanza kuingia. Si yeye aliyeuingiza. Alikuwa anavuta nje, miguu inachimba nyasi. Mkono unaingia. Ukapita kiwiko. Shingo ile ya kupita ngumi tu. Ukapita kiwiko, unakwenda begani, na koti likajikunja mdomoni mwa mtungi kama gunia linalosukumwa kwenye tundu.

Katika kule kujikunja, kitu kikadondoka kutoka kwenye koti.

Theopista ndiye aliyekiona kwanza. Kifurushi kidogo cha kitambaa chekundu, manyoya ya kuku, nywele, kimefungwa kwa kamba ya katani. Kikadondoka cha pili. Mapacha.

"Hivyo vimetoka wapi?" Ta Privatus aliuliza.

"Kwenye mkono wa koti," Theopista alisema, na yeye mwenyewe alishangaa jinsi alivyosema kwa nguvu. "Alivileta avitie kwenye vitu vya Ma Verdiana. Na cha mtungi ameshakitia!"

Watu wakaguna. Lile guno la watu wengi wanaoelewa kwa pamoja.

"Leteni shoka!" Ta Privatus alipiga kelele. "Uvunjwe, atakufa!"

Ma Verdiana akainuka. Akasimama kati ya mtungi na watu.

"Atakayeuvunja mtungi wangu aanze na mguu wangu."

"Shemeji," Ildefons alilia, shavu limegusa udongo mweusi wa mtungi. "Shemeji, kinanivuta. Kina nguvu. Nakufa."

"Hufi. Sema kwanza. Sema mpaka wale wa nyuma kabisa wasikie. Una sauti nzuri, siku zote wanaisifu."

"Ni vyangu!"

"Nini vyako?"

"Vifurushi! Nimevifunga mwenyewe, na manyoya ya kuku wangu! Hana uchawi, sijawahi kuuona! Nilitaka kibanja! Nilitaka kibanja tu!"

Wote walisikia. Wanakwaya walisikia. Mke wake alisikia, akajifunika uso kwa kanga.

Ma Verdiana akapiga magoti kwenye nyasi, na gauni lake la Krismasi. Akaweka mdomo kwenye ule upenyo mdogo uliobaki kando ya bega la Ildefons. Alichosema hakuna aliyekisikia ila Theopista, na Theopista aliniapisha kwa ajili ya maneno haya hasa, kuliko mengine yote.

"Basi, basi. Mpe mkono wake."

Mkono ukatoka wote kwa mara moja. Ildefons akaanguka chali, kiganja wazi, kitupu. Ta Privatus, sijui ujasiri aliutoa wapi, akauinamisha mtungi na kuutikisa, ili kile kifurushi cha tatu kitoke kiwe ushahidi. Hakikutoka kitu. Akaukung'uta chini. Akachungulia ndani, juani. Akauweka haraka, akajifuta mikono kwenye suruali, wala hakuwaambia watu ameona nini.

Ma Verdiana akauchukua mtungi wake. Hakuutwika kichwani kama watu wanavyobeba mtungi. Aliupakata. Akaingia nao ndani, akifuatwa na macho ya kijiji kizima, na hakuna aliyesema neno juu ya kuchoma chochote.

Ildefons alibaki pale pale, amekaa kwenye nyasi mbele ya kila mtu, vifurushi vyake viwili kati ya miguu. Mtu akamvua koti aone kama amevunjika. Hakuvunjika. Lakini kwenye kiwiko, kwenye bega, na hasa pale kwenye kifundo cha mkono, kulikuwa na alama nyekundu za vidole vilivyobana. Wanawake wakasogea kutazama.

Vidole vilikuwa vidogo. Vidogo kama vya mtoto ambaye bado hajajua kutembea.